Andika maisha ya mzee wako: mwongozo kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi mitumbwi. Alipofariki nilikuwa na miaka 19, na nilichobaki nacho ni randa yake, picha moja ya studio na hadithi mbili ambazo mama huzisimulia tofauti kila mara. Sikuwahi kumuuliza alijifunza ufundi kwa nani, mbao alizipata wapi, wala mtumbwi wake wa kwanza aliuuza kwa nani. Nilikuwa namwona kila siku, na mtu unayemwona kila siku unadhani atakuwepo kesho.

Miaka kadhaa baadaye bibi alipoanza kuchanganya majina ya wajukuu, nilinunua daftari mbili nikaanza kwenda kwake Kirumba kila Jumapili. Kazi ilichukua miezi 8. Kilichotoka ni kijitabu cha kurasa 64, na tangu hapo nimekaa na familia nyingine kadhaa, hapa Mwanza na kule Ukerewe, kuwasaidia kufanya hivyohivyo. Ninayoyaandika hapa nimeyajaribu, na mengine nimeyajua kwa kuyakosea kwanza.

Jambo moja la maneno kabla hatujaanza. Wasifu ni maisha ya mtu yanapoandikwa na mwingine; tawasifu ni mtu kuandika maisha yake mwenyewe. Kazi yetu iko katikati: mzee anasimulia, wewe unashika kalamu. Kwa hiyo una deni pande mbili, kwa msomaji na kwa yule aliyekukalisha kwenye kigoda chake.

Hatua ya 1: Chagua mtu, kisha chagua kazi yake

Wengi huanza kwa kutafuta mtu mkubwa. Achana na hilo. Paul Bomani, aliyewaongoza wakulima wa pamba wa kanda hii kujenga ushirika wao miaka ya 1950, ana nafasi yake katika vitabu vya historia. Mkulima aliyeipalilia ile pamba, akaibeba kichwani hadi ghala la chama na kupewa risiti asiyoweza kuisoma, hana mwandishi mwingine zaidi yako. Na viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, tani za sangara waliokwenda Ulaya zilihesabiwa. Mama aliyepanga foleni nje kununua mapanki, akayakaanga na kusomesha watoto kwa vichwa na mifupa ya samaki ambaye mnofu wake haukuwa wake, huyo hakuna aliyemhesabu.

Wako wengine ambao muda wao unakwisha hivi sasa. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo magari yalisubiri feri, na kwenye kusubiri huko watu waliuza karanga, maji, mayai na samaki wa kukaanga kwa miaka na miaka. Kama una shangazi aliyefanya biashara pale, anza na yeye mwezi huu, wakati bado anazikumbuka sauti za makondakta.

Ukishampata mtu, usijaribu kuandika maisha yake yote. Maisha yote hayashikiki. Yanateleza kama kambale. Shika kazi yake. Kazi ina vifaa, ina msimu, ina bei, ina hatari, na ina watu waliokuwa wakiifanya pamoja naye. Ndoa, misiba na watoto vitakuja vyenyewe, maana mtu hakumbuki ndoa hewani. Anakumbuka kwamba alichumbiwa mwaka ule alioshonesha nyavu mpya.

Hatua ya 2: Panga siku kwa kufuata mwezi, msimu na upepo

Hii ndiyo hatua ambayo wageni huikosea, na sisi wenyeji pia tukijisahau. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, taa zinapovuta dagaa juu. Ukimfuata wakati huo utamkuta amelala mchana, au amekaa mbele yako huku macho yanafumba. Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, na mtu anayeshona wavu ana mikono yenye shughuli na mdomo usio na haraka. Sijaona saa nzuri zaidi ya kuzungumza na mvuvi.

Mkulima mfuate baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti. Mcheza ngoma za Kisukuma naye kipindi hicho ndicho chake, kwa sababu mashindano ya Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma zinazoshindana tangu zamani, hufanyika mavuno yakishaingia. Basi mwangalie akicheza Juni au Julai, kisha rudi kuzungumza naye vumbi likitulia. Mama lishe mwendee alasiri, sufuria zikishaoshwa.

Kama unarekodi karibu na maji, rekodi asubuhi. Kuanzia mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu, na kwenye simu unasikika kama mtu anayepasua karatasi. Nimepoteza mazungumzo mawili mazima kwa sababu hiyo. Mvua ikianza na mko chini ya bati, zima, ngojeni chai.

Hatua ya 3: Ingia kama mtoto wa nyumbani

Hata kama ni bibi yako mwenyewe, siku ya kwanza isiwe ya maswali. Shikamoo, kaa, uliza hali ya magoti, sikiliza habari za jirani. Usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, majani ya chai, au kanga ukiwa na uwezo. Hiyo ni heshima ya kumtembelea mzee. Kulipia hadithi ni jambo lingine, na sikushauri, kwa sababu hadithi inayolipiwa huanza kurefuka.

Kama unamwendea mzee wa familia nyingine, pitia kwa mtoto wake mkubwa kwanza. Eleza unataka nini, nani atasoma, na nini kitatokea kwa sauti utakayorekodi. Mzee akikubali, mwombe arudie ruhusa yake mbele ya kinasa: jina lake, tarehe ya siku hiyo, na kwamba amekubali. Mwambie pia, kwa uzito, kwamba ana haki ya kusema "hili liondoe" siku yoyote kabla hujachapa. Wazee wengi hucheka wakisikia hivyo. Baadaye huitumia.

Halafu kuna lugha. Kiswahili chetu ni kizuri, lakini mzee aliyelelewa kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara akisimulia kwa Kiswahili anakuwa kama anatembea na viatu vya kuazima. Mwache aseme kwa lugha yake. Kama huijui vizuri, kaa na binamu anayeijua. Ukimsalimia mzee wa Kisukuma "mwadila" mchana naye akakuitikia huku anakuita "ng'wanawane", yaani mwanangu, utasikia jinsi sauti inavyoshuka na kutulia. Hapo ndipo simulizi linapoanza.

Hatua ya 4: Vifaa

Simu inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili isipigiwe katikati ya mazungumzo, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu na mzee, na jaribu dakika moja kisha sikiliza. Kila faili lipe jina lenye tarehe na mada, kwa mfano "bibi 12 Mei dagaa". Usiku huohuo nakili faili mahali pa pili, kwenye kompyuta ya rafiki au kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa kabatini. Simu huibiwa, na simu huanguka ziwani.

Daftari lisikosekane. Kinasa hakioni mikono. Andika alichoshika, alichokionyesha kwa kidole, aliponyamaza.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu kitu kilichoko mkononi

Swali baya kuliko yote ni "ulizaliwa lini?" Linamgeuza bibi kuwa mtu aliyesimama mbele ya dirisha la ofisi ya serikali. Jumapili yangu ya kwanza ya maswali nililiuliza hilo. Bibi akajibu "zamani", akanyamaza, akaanza kupepeta mchele. Nilikaa kimya kwa aibu, na kwa kukosa la kusema nikauliza: "Bibi, huo ungo ulinunua wapi?"

Aliongea kwa saa moja na nusu. Ungo alipewa na mwanamke aliyempokea mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, siku alipofika Mwanza kutoka Ukerewe, akiwa na mtoto mgongoni na hana mtaji. Yule mwanamke alimwazima ungo na ndoo, akamwonyesha jinsi ya kuchagua dagaa wa kununua gizani kwa kuwashika tu, akamfundisha kuwatandaza kwenye mawe yaliyoanza kupata joto na kuwageuza kabla jua halijawa kali. Akamfundisha pia kunusa mvua. Wingu likitokea upande fulani, unakusanya hata kama dagaa hawajakauka, kwa sababu dagaa wakinyeshewa wanaishia kuwa chakula cha kuku na wewe unaishia na deni. Yote hayo yalikuwa ndani ya ungo, nami nilikuwa nauliza mwaka wa kuzaliwa.

Kwa hiyo anza na kitu. Kama kazi imekwisha na kitu hakipo, mwombe akichore kwa kijiti mchangani, au akuonyeshe kwa mikono ukubwa wake. Kisha fuata mlolongo wa kazi: asubuhi unaamka saa ngapi, unakwenda kwa njia gani, wa kwanza kukutana naye ni nani, unanunua kwa kipimo gani, ndoo au debe, unakopa kwa nani, tajiri wako alikuwa mtu wa namna gani, siku mbaya ilikuwaje, siku nzuri ulinunua nini. Bei ni swali zuri sana. Mtu anaweza kusahau mwaka wa harusi yake na akakumbuka bei ya kitenge alichovaa.

Uliza majina. "Mlikuwa na nani?" ni swali la kurudia kila baada ya dakika kumi. Nitakueleza mwishoni kwa nini nalisisitiza.

Ukiwa na msanii, anza na wimbo kabla ya maswali yoyote. Manju wa zamani, yaani kiongozi na mwimbishaji wa ngoma, ukimuuliza maisha yake atakupa mistari mitatu. Ukimwomba aimbe, atasimama katikati ya wimbo kukueleza ni nani aliyetajwa humo, alikufa kwa nini, na ni uwanja gani waliwashinda wapinzani. Nyimbo za ngoma zetu zimejaa majina ya watu, njaa, kodi na safari. Kumbuka tu kwamba mtu wa Bagika na mtu wa Bagalu hawawezi kukusimulia shindano moja kwa namna moja, kwa kuwa kila upande unahesabu umati ulivyouona wenyewe. Andika zote mbili. Na kama huzijui ngoma hizi kwa karibu, nenda kwanza Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ukatazame ngoma, vifaa na maelezo yake, ili usimchoshe mzee kwa kumuuliza mambo ambayo angetegemea mtoto wa nyumbani ayajue.

Mzee akinyamaza, nyamaza. Hesabu hadi 20 moyoni kabla ya kuuliza tena. Mambo mengi mazuri niliyonayo yalikuja nikiwa nimefika 15.

Hatua ya 6: Tafuta miaka kwa kutumia matukio

Sasa ndipo unapotafuta tarehe, na unazitafuta kwa njia ya kuzunguka. Wazee wetu wana kalenda yao. Kazi yako ni kuilinganisha na ile ya ukutani.

Bibi alisema: "Ziwa lilipokula shamba la baba, nilikuwa nabeba mdogo wangu mgongoni." Ziwa Victoria lilipanda sana kuanzia mvua kubwa za 1961, mwaka wa Uhuru, na liliendelea kupanda hadi 1964. Msichana wa kubeba mtoto mgongoni ana miaka minane, tisa, kumi. Basi amezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kitambulisho chake kilikuwa na mwaka uliokadiriwa, mbali na hapo. Baadaye daftari la ubatizo la parokia lilikubaliana na ziwa.

Tengeneza mstari wa matukio kwenye karatasi ndefu, uubandike ukutani. Huu wangu ndio ninaoutumia, na wewe ongeza ya kijijini kwenu. Reli ilifika Mwanza 1928. Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945, vilichukua vijana wetu hadi Burma. Uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha ni tarehe 5 Februari 1967. Operesheni Vijiji ilikuwa katikati ya miaka ya 1970, na kwa wengi ndiyo mpaka wa maisha: "kabla hatujahamishwa" na "baada". Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Msako wa wahujumu uchumi, 1983, ambao wazee huukumbuka pamoja na foleni za sabuni na sukari. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Mwalimu Nyerere aliondoka madarakani 1985 na akafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mvua za El Niño zilikuwa 1997 na 1998. Ziwa lilipanda tena na kumeza nyumba na mialo 2020.

Watu wa samaki wana kalenda ya ndani zaidi. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, lakini upande wetu watu wanamkumbuka alipojaa nyavuni miaka ya 1980, furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakaanza kutoweka. Mzee akikwambia "wakati huo tulikula furu kila siku", umeshajua uko wapi. Na mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili, watu wa viwandani wanaukumbuka kama mwaka wa kukaa nyumbani.

Majina nayo yanasema. Mabula na Kabula ni watoto wa mvua. Limi alizaliwa na jua. Makoye alikuja wakati wa shida. Kulwa na Doto ni mapacha na Shija akawafuata, kwa hiyo ukiwa na mzee anayeitwa Shija, uliza kuhusu mapacha, ila kwa upole, maana huenda hawakuishi.

Kisha fungua sanduku la nguo. Karibu kila mzee ana mfuko wa plastiki wenye karatasi. Kadi ya TANU ni ya kabla ya tarehe 5 Februari 1977, siku CCM ilipozaliwa. Karatasi ya serikali yenye neno Tanganyika peke yake kwa kawaida ni ya kabla ya Muungano wa 1964. Hati yenye bei za shilingi ya Afrika Mashariki imetangulia 1966, tulipoanza kutumia shilingi yetu. Picha za studio zigeuze. Nyuma mara nyingi kuna muhuri wa mpiga picha, na wakati mwingine tarehe kwa wino. Kwa Wakatoliki, daftari la ubatizo la parokia lina majina ya wazazi na mdhamini, na pembeni huongezwa habari za ndoa. Nenda kwa adabu, na barua fupi, siku ambayo ofisi haina msongamano. Piga picha kila karatasi mchana karibu na dirisha, rudisha kwenye mfuko uleule, kwa mpangilio uleule. Usiondoke na hata moja.

Hatua ya 7: Maumivu

Mwanza huwezi kuandika maisha ya mtu wa makamo bila kufika tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika bandarini, mbele ya mji, na mamia ya watu walikufa. Sijui familia nyingi hapa ambazo hazina mtu, au mtu wa mtu, aliyelala kwenye makaburi ya Igoma au ambaye hakupatikana kabisa. Watu wa Ukerewe na Ukara wana tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea.

Usiulize. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuuliza. Nilimuuliza mzee mmoja wa Igogo moja kwa moja, kwa kuwa nilijua kaka yake alikuwa ndani ya meli, na nilitaka sura nzuri ya kitabu. Alinijibu vizuri, kwa maneno ya redioni, kisha hakunipokea tena kwa wiki sita. Alipokuwa tayari alinitumia mjukuu wake aniite, akanisimulia jambo dogo tu: shati ambalo kaka yake aliomba apigiwe pasi kabla ya safari ya kwenda, na yeye hakulipiga. Hakusema neno juu ya meli. Sura ile ina aya tatu na sikuongeza chochote.

Kwa hiyo acha mlango wazi na ungoje. Mzee akifika hapo mwenyewe, zima kinasa kwanza, umuulize kama uwashe. Hakikisha kuna mtu wa nyumbani karibu. Usimalizie siku hiyo kwenye msiba: rudini kwenye kazi, kwenye watoto, hata kwenye habari za bei ya sato wiki hii, ili usimwache peke yake na alichokitoa. Kesho yake mpigie simu.

Kuna ya kutoandika. Jina la mtu aliyewahi kutuhumiwa uchawi liache, hata kama kijiji kizima kinalijua. Katika kanda yetu wazee, hasa wanawake, wamepoteza maisha kwa tuhuma za namna hiyo, na karatasi hudumu kuliko uvumi. Magonjwa ya watu walio hai waachie wenyewe. Na mipaka ya mashamba na mirathi isikusogeze: mzee akisema "lile shamba la kwa mjomba ni letu", hiyo ni kesi, na kijitabu chako kitapelekwa barazani kama ushahidi.

Hatua ya 8: Nakili, linganisha, kisha andika

Saa moja ya mazungumzo hunichukua saa 5 au 6 kuiandika neno kwa neno. Inachosha na hakuna njia ya mkato niliyoiona inafaa, hasa mzee akichanganya lugha. Lakini ukiandika mwenyewe unasikia vitu ulivyovipitia siku ile. Acha maneno ya kazi kama yalivyo: mwalo, karabai (taa ya kuvulia), kayabo (samaki wa chumvi aliyekaushwa), bondo (kibofu cha sangara), kokoro (wavu wa kukokota). Msomaji wa Dodoma ataelewa kutokana na sentensi, na wa Mwanza atajisikia nyumbani. Neno la Kikerewe au Kisukuma lisilo na mwenzake kwa Kiswahili libaki, ulieleze mara moja.

Habari mbili zikigongana, usiharakishe kumwita mmoja mwongo. Bibi alisema alikuja Mwanza na meli. Mjomba wake mdogo akasema walikuja na mtumbwi wa tanga hadi Kayenze, kisha kwa miguu. Wiki mbili baadaye nikagundua zilikuwa safari mbili. Ya kwanza bibi alirudi baada ya mwezi, na hakupenda kuikumbuka.

Unapoanza kuandika, usianze na kuzaliwa. Hivi ndivyo nilivyoanza mara ya kwanza: "Bibi alizaliwa Ukerewe, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, katika familia ya wakulima na wavuvi." Ni kweli yote, na haimhusu mtu yeyote. Nilifuta, nikaandika hivi: "Saa kumi usiku bibi alikuwa ameshafika mwaloni na ndoo mbili. Moja ya dagaa. Nyingine aliigeuza kifudifudi akaikalia, akajifunga kanga kichwani, akawa anasikiliza. Aliijua mitumbwi kwa makasia, na alijua kabla hawajafika kama wamepata, kwa sababu waliopata hawakuimba, walikuwa wamechoka." Kuzaliwa kwake kumekuja ukurasa wa 9, pale ziwa linapokula shamba la baba yake.

Panga sura kwa kazi au kwa mahali, halafu weka ukurasa mmoja wa tarehe mwishoni kwa anayezitaka. Maneno ya mzee yaweke ndani ya alama za kunukuu na usiyasafishe sana. Akisema jambo mara tatu, libaki mara mbili.

Hatua ya 9: Toa nakala

Usisubiri mchapishaji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Ilisubiri miaka 35. Mzee wako hana miaka 35.

Kopi kumi za steshenari zenye jalada gumu zinatosha kuanza: moja ya mzee, moja kwa kila tawi la ukoo, moja ya shule ya msingi ya kijiji chao kama familia imekubali. Ukitaka kuuza kitabu, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sauti zihifadhi sehemu tatu tofauti na umwambie angalau mtu mmoja mdogo kuliko wewe zilipo.

Hatua ya 10: Msomee kabla hujachapa

Nimeiweka mwisho, lakini ifanye kabla ya hatua ya 9. Msomee yote, kwa sauti, kwa siku kadhaa, watu wa nyumbani wakiwepo. Kaa na kalamu nyekundu. Atasahihisha majina, atakukataza kitu, atakumbuka kipya. Andika pale pale na usibishane.

Bibi alisikiliza kurasa 40 za kwanza akiwa amefumba macho. Niliamini amefurahi. Nilikuwa nimemwandika kama shujaa: yeye na ndoo yake, yeye na mvua, yeye na deni. Nilipofika mwisho wa sura ya mwaloni akafumbua macho akaniuliza, "Mbona humu niko peke yangu?"

Sikuelewa.

"Mwaloni sikuwa peke yangu. Nani aligeuza dagaa wangu siku nilipojifungua?"

Alinitajia wanawake wanne, akanieleza kila mmoja alikaa jiwe lipi. Wawili wameshafariki. Niliyaandika majina pembeni mwa ukurasa wa 12, nikarudi nyumbani, na sura ile nikaianza upya.